Kunyoa au kusuka? Anza na kasi ya nywele

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23 na stashahada ya uhasibu, lakini moyo wangu uko kwenye nywele. Nimewasuka wenzangu tangu shuleni, na siku hizi nawanyoa wadogo zangu kwa mashine ya kuazima. Nataka iwe kazi yangu ya maisha. Nishike kunyoa au kusuka? Niende chuo au nikae chini ya fundi? Itanichukua muda gani kabla ya kujitegemea? Mzee wangu anasema hii ni kazi ya waliokosa kazi.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na la kunyoa au kusuka, maana mengine yote yanalifuata. Ukiwauliza watu, watakwambia ushike unachokipenda zaidi. Si ushauri mbaya, ila wewe unapenda vyote viwili, kwa hiyo haukusaidii. Mimi nakuomba uangalie kwanza kasi ya nywele. Nywele za kichwani huota wastani wa sentimita moja hivi kwa mwezi, yaani kama theluthi ya milimita kwa siku. Hesabu hiyo ndogo ndiyo itakayopanga siku zako, kipato chako na hata maumivu ya mgongo wako.

Chukua kichwa kilichonyolewa fedi, ule mtindo wa nywele fupi sana chini zinazorefuka taratibu kwenda juu. Pale chini, karibu na sikio, kinyozi amepitisha kichana cha nusu, nywele zimebaki milimita 1.5. Siku nne au tano baadaye zimeshafika urefu mara mbili ya ule alioondoka nao mteja. Juu utosini, ambako ziliachwa sentimita tano, nyongeza hiyohiyo haionekani hata kidogo. Ndiyo maana mtindo unaoanzia kwenye ngozi huchakaa upesi. Wateja watakwambia nywele zao za pembeni zinakua haraka kuliko za juu. Sivyo, zilikuwa fupi mno tu, kiasi kwamba kidogo kikiongezeka kinaonekana. Mteja anayejali muonekano wake atarudi baada ya wiki mbili, wengine baada ya moja. Na kichwa hicho kimekuchukua kati ya nusu saa na saa nzima.

Sasa chukua msuko. Rasta ndogondogo zinaweza kukuweka kwenye kiti saa sita, pengine nane. Zitakaa wiki sita hadi nane kabla nywele mpya hazijajaa kwenye mizizi na mteja kutaka kufumua. Anayetiwa dawa ya kunyoosha nywele naye hurudi baada ya miezi miwili hadi mitatu, nywele mpya zikifika sentimita mbili au tatu. Anayepaka rangi huanza kuiona mizizi yake baada ya wiki nne hivi.

Kwa hiyo unachochagua hapa ni mwendo wa maisha. Kinyozi huishi kwa vichwa vingi, malipo madogo kwa kila kimoja, na mteja anayerudi mapema. Msusi huishi kwa vichwa vichache, malipo makubwa, na mteja anayekaa mbali muda mrefu. Kinyozi akikosa mteja mmoja amepoteza dakika arobaini. Msusi akikosa mteja mmoja ambaye hakutoa taarifa, siku imekufa. Ndiyo maana msusi anayejua kazi yake huomba malipo ya awali bila kuona haya, na kinyozi mara nyingi hahitaji.

Tazama pia tabia yako. Kuna mtu anayeweza kuzungumza na watu kumi tofauti kwa siku, kila mmoja na habari zake, na jioni bado ana sauti. Kuna mwingine anayechoka na wageni lakini anaweza kukaa na mtu mmoja mchana kutwa wakizungumza mawili matatu kisha wakanyamaza kwa raha. Hakuna aliye bora, lakini ukikosea hapo utaichukia kazi ukidhani umechoka na nywele, kumbe umechoka na watu.

Maoni yangu kwako wewe mahususi: jifunze kunyoa kwa nguvu zote, na kusuka kuendelee kukulipia gharama unapojifunza. Vidole vya kusuka unavyo tayari. Kunyoa kuna faida moja kubwa kwa mwanafunzi, nayo ni marudio. Katika saluni yenye watu unaweza kugusa vichwa vinane kwa siku, na kila kichwa ni kosa jipya lililosahihishwa. Kwenye kusuka utagusa kimoja au viwili. Halafu kuna kundi la wateja ambalo halina mwenyewe katika saluni nyingi: wanawake wenye nywele fupi za asili, wanaotaka zichongwe vizuri na shingo isafishwe. Vinyozi wengi huwanyoa kama wanaume, na wasusi wengi hawashiki mashine. Mtu anayejua pande zote mbili atapata watu hao.

Sasa chuo au fundi. Watu hulibishania hili kana kwamba ni lazima uchague upande. Chuo hukupa mambo ambayo fundi wengi hawana muda wa kuyaeleza: ngozi ya kichwa ikoje, dawa inafanya nini ndani ya unywele, vijidudu vinauawa vipi, na cheti. Fundi hukupa vichwa vya watu, na mikono haijifunzi pengine. Vyuo vya vinyozi vyenyewe si vya zamani sana; A. B. Moler alifungua chake Chicago mwaka 1893, na kabla ya hapo kijana alianza kwa kufagia sakafu ya mtu na kuiba kazi kwa macho. Hata baadaye njia hiyo haikufa. Vidal Sassoon, aliyebadilisha ukataji wa nywele za wanawake katika miaka ya 1960, aliingia saluni ya London akiwa na miaka 14 kama mwanagenzi wa kuosha vichwa. Usidharau kuosha. Unapoosha unakijua kichwa kwa vidole kabla hujakiona kwa macho: wapi pana uvimbe, wapi pana kovu, nywele zinalalia upande gani.

Kabla ya kulipa ada popote, ulizia sheria ya mahali unapotaka kufanya kazi, si mahali unaposomea tu. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ujerumani mafunzo ya uanagenzi ni ya miaka mitatu, na kuendesha saluni yako mwenyewe kwa kawaida kunahitaji cheti cha juu zaidi cha ufundi kinachoitwa Meister. Marekani kila jimbo lina leseni yake na idadi yake ya saa za mafunzo, mengi yakitaka saa 1,000 hadi 1,500, mengine zaidi, na leseni ya kinyozi mara nyingi ni tofauti na ya msusi. Uingereza kusajiliwa ni hiari tangu sheria ya mwaka 1964, na mtu anaweza kufungua duka bila cheti chochote. Kama una ndoto ya kuhamia nchi nyingine siku moja, tunza ushahidi wa saa zako za mafunzo na barua za mafundi wako. Sehemu nyingine huhesabu saa hizo, na kuzitafuta miaka kumi baadaye ni taabu.

Kipimo changu cha mafunzo yoyote, ya chuo au ya fundi, ni kimoja: mwanafunzi anagusa vichwa vingapi vya watu halisi kabla hajamaliza? Kichwa cha sanamu kinafaa kujifunza kugawa nywele na kushika mkasi. Lakini sanamu halitikisi shingo, halina mapele kisogoni, halina mzunguko wa nywele utosini unaogeuza kila kitu, na halikuangalii kwenye kioo.

Niseme kidogo kuhusu fedi, kwa sababu ndipo wanaoanza wanapolilia. Kwanza, zijue namba kwa milimita, si kwa mazoea: namba moja ni milimita 3, mbili ni 6, tatu ni kama 10, nne ni kama 13. Kati ya nusu na moja kuna milimita 1.5, na jicho huliona pengo hilo kama mstari. Kile kijiti cha pembeni cha mashine, kinachofungua na kufunga meno, kipo kwa ajili ya mapengo hayo. Mwanafunzi hupenda kubadilisha vichana. Fundi hucheza na kijiti. Pili, mkono. Ukiusukuma moja kwa moja juu, mashine itachora mstari pale utakaposimama. Unatakiwa uanze kuuondoa kichwani kabla hujafika mwisho, kiwiko kikitoka nje, ili nywele za mwisho ziguswe nusunusu. Tatu, mwanga. Kivuli kati ya urefu mmoja na mwingine huonekana kwa mwanga wa pembeni, si wa utosini. Ukitaka kujikagua, piga picha ya kichwa kwa simu kisha uiondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Mistari iliyojificha itajitokeza yote. Fanya hivyo kila siku kwa miezi michache, mteja akikubali, na utajifunza kuliko kwa video nyingi.

Kuhusu video: tazama, ila kumbuka kwamba aliyerekodi alichagua kichwa. Wewe utaletewa visivyochaguliwa.

Kwenye kusuka, shida haiko kwenye mtindo. Iko kwenye mvuto. Msuko unaovuta panja mwezi baada ya mwezi huua mizizi ya nywele. Mwanzoni hali hiyo hurudi ukiacha kuvuta. Ikiendelea miaka, mzizi hugeuka kovu na nywele hazioti tena hata kwa dawa gani. Dalili za mapema ni rahisi kuziona: vipele vidogo kwenye mzizi wa kila suko, nywele fupi zilizokatika kando ya uso, mteja anayesema amemeza vidonge vya maumivu ili alale. Ile imani kwamba msuko usiouma hautakaa muda mrefu, wewe iache mlangoni. Kwa watoto uwe mwangalifu maradufu, kwa sababu mtoto hakuambii legeza. Mama yake ndiye anayekwambia kaza. Nimeona wasusi wakipoteza mteja kwa siku moja kwa kukataa kusuka panja zilizoisha, na mteja yuleyule akarudi baadaye na dada zake. Nimeona pia wakikubali, na miaka miwili baadaye mteja huyo anavaa wigi na kumtaja aliyemharibu.

Mlango wa tatu ni dawa na rangi. Hapo sikushauri hata kidogo ujifundishe mwenyewe. Uso wa unywele na ngozi ya kichwa hupenda hali ya asidi kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5. Dawa ya kunyoosha yenye sodiamu haidroksaidi iko kati ya 12 na 14. Kila hatua moja kwenye kipimo hicho ni mara kumi, kwa hiyo usiitazame kama tofauti ya namba saba au nane tu. Ni tofauti ya mamilioni. Dawa hiyo huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na havirudi tena. Ndiyo maana nywele mpya tu ndizo zinazopakwa, ngozi hulindwa kwa mafuta, mteja haoshi wala hajikuni kabla ya kuja, na saa hutazamwa. Shampuu ya kuzima dawa haitumiwi kwa kukisia. Rudia mpaka povu lithibitishe kwamba dawa imeisha. Na usiweke aina hii ya dawa juu ya nywele zilizokwisha kutiwa ile ya kukunja yenye thioglaikoleti. Kemia zake hazipatani, na nywele hukatika zikiwa mkononi mwako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja mpya ni: nywele hizi zimepitia nini mwaka huu? Uliza, kisha amini nusu, halafu jaribu kwenye kishungi kimoja cha nyuma.

Kwenye rangi, hofu kubwa ni mzio wa PPD, kemikali iliyomo katika rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi. Paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko saa 48 kabla, hata kwa mteja ambaye amepaka rangi miaka mingi, kwani mzio unaweza kuanza siku yoyote. Aliyewahi kuchorwa hina nyeusi ikamwasha, huyo usimguse. Peroksaidi, ile dawa inayochanganywa na rangi, ina nguvu zake kwa namba iliyo kwenye chupa: ya 10 ni asilimia 3, ya 20 ni asilimia 6, ya 30 ni 9, ya 40 ni 12. Mwanafunzi akiwa na haraka hupandisha namba. Fundi huongeza siku.

Usafi ningeweza kuuandikia makala nzima, na nitajizuia. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka, kwa siku saba angalau. Wembe ni wa mtu mmoja, ufunguliwe mbele ya macho yake, utupwe kwenye chombo kigumu. Mashine usiipanguse kwa spiriti upande mmoja ukadhani umemaliza. Kwanza toa nywele zote kwenye meno kwa brashi, kwa sababu dawa haipenyi uchafu, kisha nyunyiza dawa ya kuua vijidudu na uiache muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha mafuta. Vichana na mikasi huoshwa kwa sabuni kabla ya kuzamishwa kwenye dawa, na dawa nyingi za kuzamisha hutaka dakika kumi kamili. Uwe na vifaa vya zamu mbili au tatu ili muda huo usikukere.

Utaletewa watoto wenye mapunye. Usiwanyoe, na usimtangazie mtu yeyote saluni nzima ikisikia. Mvute mzazi pembeni, mwambie aende kwa daktari, kwa sababu kuvu wa kichwani hukaa ndani ya unywele wenyewe na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Krimu pekee haimfikii. Utaletewa wanaume wenye vipele vya ndevu, pale unywele uliokatwa karibu sana unapojikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kwa mtu huyo kunyoa kwa wembe hadi ngozi ing'ae ndiyo inayomuumiza. Mwachie milimita moja, fuata uelekeo wa nywele, usivute ngozi. Na wapo wenye vinundu vigumu kisogoni vinavyogeuka makovu: usiwachonge shingo kwa kusugua mashine, waelekeze kwa daktari wa ngozi. Kinyozi huona kisogo cha mtu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, mwenyewe hawezi kukiona.

Wewe mwenyewe jilinde. Kiti kipande na kushuka, siyo wewe. Kiwiko kikizidi bega kwa saa nyingi, bega litadai. Mikono inayoloweshwa kutwa hupasuka, vaa glavu za naitraili unapoosha na unaposhika dawa. Vumbi la blichi huleta pumu kwa baadhi ya watu wa saluni, na baadhi ya dawa za kunyoosha kwa moto hutoa formaldehaidi, hewa yenye sumu. Kama chumba hakina madirisha ya kutosha, huduma hiyo usiiweke kwenye orodha.

Tuje kwenye muda na fedha, ambako uhasibu wako unaanza kulipa. Kwa kijana mwenye mkono mzuri na vichwa vya kutosha, ningesema miezi sita hadi mwaka kuweza kunyoa bila mtu kusimama nyuma yako. Kiti kujaa ni jambo jingine, miaka miwili hadi mitatu, na hapo ndipo wengi huacha, wakidhani hawana kipaji.

Kujaa kwa kiti kunahesabika. Tuseme mteja wako hurudi kila wiki tatu. Ukiwa na watu 150 wa namna hiyo, una vichwa 50 kwa wiki, kama vinane kwa siku kwa siku sita. Hicho ni kiti kilichojaa. Msusi anayesuka misuko ya nusu siku, watu wawili kwa siku kwa siku tano, kila mmoja akirudi baada ya wiki sita, anahitaji watu 60 tu. Angalia namba hizo tena: 150 au 60. Huhitaji mji mzima ukujue, wala maelfu ya wafuasi mtandaoni. Unahitaji daftari. Andika jina, namba ya simu, tarehe, ulichomfanyia, na alicholalamikia hata kama alicheka akisema. Wiki tatu zikipita hajaonekana, unajua. Wengi hawajui, wanahisi tu kwamba biashara imepoa.

Bei nayo ipime kwa saa, usiipime kwa kichwa. Mfano: msuko wa saa sita unalipwa mara tano ya kunyoa, na kunyoa ni dakika arobaini. Ndani ya saa sita unaweza kunyoa watu tisa. Tisa kwa tano, kunyoa kunashinda. Lakini ikiwa siku za katikati ya wiki hupati tisa, unapata wanne, msuko umeshinda. Hivyo panga misuko siku ambazo vinyozi wamekaa wakitazama barabara, na wikiendi uziachie mashine. Mtu anayefanya kazi moja tu hana uhuru huo.

Utakutana na namna tatu za kulipwa: mshahara, asilimia ya unachoingiza, au kukodi kiti. Ukiwa mgeni, asilimia ndiyo salama, kwa sababu hatari ya siku tupu mnagawana na mwenye saluni. Kukodi kiti kunavutia kwani zote zinazobaki ni zako, lakini kodi haijui kwamba wiki ilikuwa na mvua. Usikodi mpaka wateja wako mwenyewe, wale wanaokuuliza kwa jina, waweze kulipa kodi ya wiki kwa siku mbili za kwanza za wiki hiyo. Kufungua saluni yako ni hatua ya baada ya hapo, na ujue kwamba siku utakapoajiri watu watatu, nusu ya kazi yako itakuwa kuwasimamia. Wapo mafundi wazuri sana ambao hawakupaswa kufungua saluni kamwe.

Vifaa vya kuanzia visikutishe. Mashine moja ya kunyolea yenye mota nzuri, moja ndogo ya kuchongea mistari, mkasi mmoja mkali usiokata kitu kingine chochote, vichana, brashi, mashuka mawili ya kumfunika mteja, mafuta ya mashine. Fedha nyingi wekeza kwenye hiyo mashine ya kwanza, na uitie mafuta kila siku. Inayochoma shingo za watu kwa joto mara nyingi ni kavu tu.

Kuhusu mzee, usibishane naye, ila mpe habari hizi akiwa ametulia. Uingereza mwaka 1540 vinyozi na wapasuaji waliwekwa katika chama kimoja, na walikaa pamoja mpaka 1745. Ambroise Paré, anayetajwa miongoni mwa baba wa upasuaji Ulaya, alianza kama kinyozi. Na Madam C. J. Walker, aliyezaliwa Marekani mwaka 1867 kwa wazazi waliokuwa wametoka utumwani, alifua nguo za watu kabla ya kujenga kampuni ya bidhaa za nywele yenye kiwanda Indianapolis na maelfu ya mawakala wanawake. Hayo hayatamshawishi. Daftari lako la miezi sita, mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, linaweza kumshawishi, kwa kuwa ni lugha aliyokusomesha.

Kitu cha kufanya sasa: chagua saluni mbili unazozitamani, nenda kila moja siku ya kawaida, kaa kama mteja anayesubiri. Angalia kama wembe unabadilishwa, kama wanagenzi wanashika mashine au ufagio tu, na kama mafundi wanaongea nao au wanawapigia kelele. Halafu zungumza na mwenye saluni, na mkikubaliana muandike, hata kwa ukurasa mmoja: mafunzo ni ya muda gani, lini utaanza kugusa vichwa vya wateja wanaolipa, utapata asilimia ngapi na kuanzia lini, nani ananunua vifaa na dawa. Liandikeni pia lile ambalo watu hulikumbuka siku ya kugombana: ukiondoka, zile namba za simu zilizomo kwenye daftari ni zako au za saluni.